Nyasi za Mama na Mashine ya Ndugu Yangu

"Bannange, jamani, hii majani mulikata na meno?"

Aliyesema hivyo alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke mnene aliyevaa gomesi ya zambarau, lile gauni refu la Kiganda, na alisema mbele ya mama yangu. Alikuwa amekuja kukagua uwanja wetu wa kukodisha kabla ya sherehe ya utambulisho, ile siku ambayo bwana harusi huja na watu wake kujieleza kwa wakwe. Kwa Waganda, shangazi wa binti akikataa jambo siku hiyo, limekataliwa. Alisimama katikati ya uwanja, akazikwaruza nyasi kwa ncha ya kiatu, akacheka. Wenzake wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayemwambia mgeni kwamba kikombe alichovunja kilikuwa cha zamani tu.

"Tutarekebisha, mwanangu," mama akasema.

Mimi sikucheka. Nilijua hatawaleta wageni wake kwetu, na kweli hakuwaleta. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Uwanja ulikuwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kaka zake. Palikuwa na mstari uliokatwa, halafu mstari wa nyasi zilizosimama, halafu uliokatwa, halafu zilizosimama, kuanzia getini hadi ukutani. Pale ardhi inapoinuka, mashine ya kukatia nyasi ilikuwa imekwangua hadi udongo mwekundu ukatokeza. Na ukitazama kwa mbali, uwanja mzima ulikuwa na rangi ya kahawia kwa juu, kana kwamba umepitiwa na moto mdogo.

Nyasi hizo alizipanda mama kwa mikono yake. Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa Lubaga hapa Kampala, chini ya kanisa kuu, na sisi ni Waislamu wa ukoo uliotoka pwani zamani za biashara ya misafara. Kiswahili ndicho tulichonyonya. Baba alipofariki, kiwanja kilichozunguka nyumba kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Mama akaanza kuomba vipande vya nyasi kwa watu waliokuwa wanajenga na kuchimbua bustani. Alivibeba, akavichana kimoja kimoja, akavichomeka ardhini huku amepiga magoti. Alianzia getini. Tulipokuwa tukirudi shule tulimkuta amesogea kidogo kuelekea nyumbani, siku baada ya siku, mpaka siku moja tulimkuta mlangoni na hapakuwa na vumbi tena. Hakuna aliyemsaidia. Alikuwa mjane wa eda iliyokwisha juzi tu, na majirani walisema ameshikwa na wazimu wa huzuni. Baadaye majirani haohao wakaanza kumwomba uwanja wa kufanyia arusi za watoto wao, na hivyo ndivyo tulivyoingia katika kazi ya kukodisha uwanja.

Kwa miaka mingi nyasi zilikatwa na mzee mmoja kwa fyekeo. Alipochoka na kurudi kwao, mdogo wangu wa kiume akaleta mashine. Yeye ni mtu wa malori. Hupeleka mizigo hadi mpaka wa Kenya na kurudi. Mashine aliipata kwa mgeni aliyekuwa anahama nchi: ile ya kukalia, yenye usukani na kiti kama trekta dogo, na chini ya tumbo lake bakuli kubwa la chuma lililofunika visu viwili. Alipoileta tulifurahi sote, mimi pia. Wapita njia walisimama getini kuitazama.

Lakini aliiendesha kama lori. Alizikata nyasi asubuhi kabla ya safari, umande ukiwa bado haujakauka, gia ya juu, akizunguka uwanja huku simu iko sikioni. Visu alivishusha chini kabisa ili asirudie mapema. Akimaliza anaiegesha, anaondoka. Sikuwahi kumwona akiinama kuitazama kwa chini. Mara moja moja aliipeleka kwa fundi wake huko Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, na ikirudi ilikuwa imeoshwa juu inang'aa, na kukata kwake kulekule, au kubaya zaidi.

Na unadhani nani alilaumiwa? Nyasi. Siku chache baada ya yule shangazi kutucheka, ndugu yangu alikuja kula kwetu, akanawa mikono, akasema huku anamega chapati:

"Mama, majani yako yamezeeka. Hayakatiki tena. Tuyang'oe tuweke pevas."

Pevas ni yale matofali madogo ya saruji ambayo siku hizi Kampala nzima inavalishwa. Mtu akipata nafasi mbele ya nyumba yake anaizika chini ya pevas, mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia kwa jirani wa chini, na yeye anajiona ameendelea. Nilitaka kumjibu lakini mama alinitangulia.

"Labda nilipanda mbegu mbaya," alisema. "Sikujua, nilichukua nilichopewa."

Nilimtazama ndugu yangu nikisubiri akanushe. Aliendelea kula.

Nikasema, "Nyasi hizi zilikatwa kwa fyekeo miaka yote hiyo, zikawa kama zulia. Umeleta mashine, zimekuwa hivi. Sasa kilichozeeka ni nini?"

"Dada, mashine ni ya nje. Fundi ameiangalia."

"Na nyasi nani ameziangalia?"

"Wewe kashone majoho yako," akasema, akacheka, akadhani ni utani.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba Wandegeya, karibu na chuo, na nashona majoho ya wanaohitimu na magauni ya mama zao. Ndugu yangu akitaka kunifunga mdomo hunikumbusha majoho.

Labda ningeuacha ugomvi ule uishe kama mingine yetu ilivyoisha. Lakini asubuhi moja, siku mbili baadaye, nilitoka kwenda kazini mapema, nikamkuta mama uwanjani. Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, kanga imelowa hadi mapajani, na mkononi ameshika mkasi wa jikoni. Alikuwa anakata ile mistari iliyoachwa na mashine. Anashika fungu la nyasi, anakata, anasogeza gunia, anashika jingine. Magoti ya mama yangu ni mabovu. Anaposwali hukaa kwenye kiti. Nikamwuliza anafanya nini.

"Jumamosi kuna watu," alisema. "Nisiaibishwe tena."

Nilimwinua. Alikataa, nikamwinua kwa nguvu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, na nikamketisha barazani. Nilirudi pale alipokuwa nikachuma nyasi chache ili nipate tu kitu cha kushika, na hapo ndipo nilipoona ncha zake. Hazikuwa zimekatwa. Zilikuwa zimechanwa, kila moja imebaki na nyuzinyuzi nyeupe zilizoanza kukauka na kuwa kahawia. Kitambaa kikikatwa na mkasi butu hutoka vilevile: mkasi unakitafuna, unakivuta, na ukingo unabaki na ndevu. Nyasi za mama hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa zinatafunwa.

Kazini sikwenda. Nilipanda boda hadi Kansanga kwa yule fundi. Karakana yake iko nyuma ya baa, na alikuwa ameketi juu ya injini ya jenereta akinywa chai.

"Hajati, karibu," alisema. Mimi sijawahi kufika Makka, lakini Kampala ukifunga mtandio na kupita umri fulani umeshakuwa hajati.

Nikamwambia visu ni butu. Akasema alivinoa mwenyewe. Nikamwuliza lini. Akasema, "Si zamani." Nikamwonyesha zile nyasi nilizozifunga kwenye leso.

"Hapana, hajati. Mashini iko sawa. Hii majani ya huku iko na nguvu mingi, mashini ilitengenezwa kwa majani ya Wazungu. Hiyo hatuwezi kulekebisha."

"Njoo uione ikikata."

"Nitakuja."

"Leo?"

"Nitakuja, hajati."

Nilikaa hapo kwenye benchi nikimsubiri amalize chai, kisha amalize simu, kisha amalize kuongea na mtu wa jenereta, mpaka nikaelewa kwamba hatakuja leo wala kesho, kwamba tangu mwanzo alikuwa ananisubiri mimi nichoke. Majani ya Wazungu! Niliyarudia maneno hayo njia nzima kwa sauti, hadi mwenye boda akageuza shingo kuuliza kama nasema naye.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikavaa suruali ya zamani ya baba ya kulimia, nikaichukua ile mashine. Niliipandisha magurudumu ya mbele juu ya ngazi ya baraza, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikachomoa ufunguo, na nikachomoa pia waya wa plagi, kwa sababu hata cherehani sitii mkono chini ya sindano wakati umeme uko wazi. Nikatandika gunia la mama, nikajilaza chali. Mama alikuja na tochi bila kuitwa.

"Unaona nini?" aliuliza.

Kwanza sikuona kitu. Bakuli lote lilikuwa limejaa nyasi mbichi zilizogandamana, nyeusi, zinanuka kama zizi. Nilikwangua kwa mwiko wa ugali na zikaniangukia usoni mabonge mabonge. Miaka yote hiyo hakuna aliyekwangua. Nyasi zikikatwa zinahitaji nafasi ya kuzunguka na kutoka. Zetu zilikuwa zinarudi chini palepale na kukanyagwa. Nilipomaliza kukwangua nikavishika visu, na makali yake yalikuwa mviringo kama ukingo wa kijiko. Ningeweza kuviburuta kwenye kiganja changu.

Kisha nikaona jambo jingine, nikamwambia mama asogeze tochi. Kila kisu kilikuwa kimekunjwa kidogo kwenye ncha zake mbili, kama masikio. Cha kulia, masikio yalitazama juu. Cha kushoto, yalitazama chini.

"Mama, viko tofauti," nikasema. "Kimoja kimefungwa kichwa chini."

"Kipi?"

Sikujua. Nilibaki nimelala pale nikivitazama. Mama akauliza, "Mstari unaobaki umesimama huwa upande gani wa ndugu yako akipita?"

Upande wa kushoto. Sikuzote upande wa kushoto. Mama alikuwa anaukata kwa mkasi, ni nani angejua zaidi yake? Lile sikio likitazama juu hufanya upepo, linazivuta nyasi zisimame wima zikatwe. Cha kushoto kilikuwa kinazilaza na kuzipiga kwa mgongo wake. Fundi alikuwa amekifungua, amekirudisha kinyume, akaosha mashine kwa sabuni, akatuambia nyasi zetu zina nguvu.

Nilicheka kwa hasira, mpaka machozi yakatoka. Mama alisema niache, mdudu ataniingia mdomoni.

Bolti zilikuwa zimekaza. Nilichukua spana kubwa ya lori ya ndugu yangu na nikalazimika kuisimamia kwa uzito wangu wote ndipo zikalegea. Visu nikavifunga kwenye gazeti, nikarudi navyo Kansanga siku hiyohiyo. Nilivitupa mbele ya yule fundi mlio ukasikika hadi baa.

"Hiki ulikifunga kichwa chini."

Alikigeuza, akakigeuza tena. "Kwani ilikuwa inakata ama haikati?"

"Ilikuwa inamkatisha mama yangu nyasi kwa mkasi akiwa amepiga magoti!"

"Sasa hiyo mimi niliomba?" alisema. Halafu, watu walipoanza kuchungulia, akashusha sauti. "Hajati, acha hapa. Nitanoa bure."

"Hata ukinilipa wewe, siviachi."

Nilivipeleka Wandegeya, kwa jamaa anayewanolea wauza nyama visu vyao. Alivinoa akifuata mlalo uleule wa kiwandani, kisha akaning'iniza kila kisu kwenye msumari katikati, kwenye tundu lake. Upande mmoja ukashuka. Akaupunguza kidogo kwa jiwe, akaning'iniza tena, mpaka kikatulia bila kuelemea popote. Alisema kisu kilichoelemea hutikisa mashine nzima. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko chai ya yule fundi wa Kansanga.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, nikakuta lori getini. Ndugu yangu alikuwa amerudi kutoka mpakani na hakuja peke yake. Pevas zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, marundo kwa marundo, na vijana wa majembe walikuwa wameshachimbua kipande cha uwanja kuanzia getini. Nyasi zilikuwa zimetupwa pembeni, mizizi juu.

"Simamisheni!" nikapiga kelele. Walisimama, nadhani waliogopa ile suruali.

Ndugu yangu akaja mbio. "Dada, tulishaongea."

"Uliongea wewe. Mama alisema ndiyo?"

"Hakusema hapana."

"Hajawahi kukwambia hapana tangu uzaliwe! Ndiyo sababu uko hivi!"

Nikamwonyesha visu. Nikamweleza, nadhani kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa maana majirani wawili walitoka. Alisikiliza akiwa ameweka mikono kiunoni. Alipoona nimeishiwa pumzi akasema, "Haya. Kata. Tuone."

Ningeweza kukata palepale kwa hasira, na ningeharibu. Badala yake nilichukua muda wangu makusudi, ili asubiri. Nilifunga visu, vyote viwili masikio yakitazama juu. Nikalijaza gurudumu la kushoto upepo kwa pampu ya jirani, maana lilikuwa limelegea na mashine nzima ilikuwa imeinamia upande huo. Nikaiweka kwenye sakafu ya baraza, nikatoa futi yangu ya kushonea, nikapima kutoka sakafuni hadi ncha ya kisu, kushoto na kulia, nikazungusha nati hadi pande zote zikalingana. Ndugu yangu alisema, "Unapima gauni?" Nikapandisha kimo cha kukata, kwa sababu alikuwa anazinyoa hadi kwenye vifundo, na nyasi zikinyolewa hivyo zinabaki uchi na jua linaziunguza.

Jua lilikuwa limekausha uwanja. Nilikaa kitini, nikaweka gia ndogo, na injini nikaiacha izunguke kwa nguvu zake zote. Nilikwenda polepole, kila mpito ukipanda kidogo juu ya uliopita. Sauti yenyewe ilibadilika. Kabla ilikuwa inagugumia, sasa ilikuwa inavuma mfululizo, na nyasi zilikuwa zinarushwa pembeni kama mvua ya rasharasha. Nilipofika ukutani nikageuka nikatazama nyuma.

Hapakuwa na mstari uliosimama. Hata mmoja.

Kahawia haikuondoka siku hiyo. Ilichukua wiki kadhaa ncha zilizochanwa zikue na kukatwa tena, na yale madoa ya udongo pale juu yalingoja mvua. Lakini uwanja ulikuwa sawa, sawa kabisa, na vijana wa pevas waliingia kuutazama, mmoja akainama akaupitisha mkono. Mama alitoka nje bila viatu. Alitembea kutoka barazani hadi kwenye ukingo wa kile kipande kilichochimbuliwa, akasimama hapo.

Ndugu yangu aliyatazama marundo kando ya ukuta. Kisha akasema, "Lakini pevas zimeshafika."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Zimeshafika," alirudia. "Tuziweke hapa mbele tu. Magari."

Hapa mbele tu. Pale pale mama alipochomeka fungu lake la kwanza. Nilifungua mdomo, na ninajua nilichotaka kusema, na kilikuwa kibaya. Mama akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Magari nayo yanataka pa kukaa."

Basi pevas zikawekwa getini, na ziko hapo mpaka leo, na mvua ikinyesha maji yanateremka hadi mlangoni kwa jirani wa chini, ambaye hutulalamikia mimi na mama, si ndugu yangu. Mama akipita juu ya pevas hizo anatazama mbele. Watu huniambia nimshukuru Mungu kwamba uwanja mwingine wote ulipona, na ninamshukuru, lakini sioni kwa nini shukrani inanilazimu kusahau. Mwanamke alibeba lawama ya kisu kilichofungwa kinyume. Alipiga magoti kwenye umande kwa ajili ya uvivu wa wanaume wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyemwomba radhi.

Siku hizi nakata mimi, alasiri, nikitoka Wandegeya. Kila nikimaliza nakwangua bakuli, na visu huvipeleka kunolewa kabla havijaniomba. Wateja wamerudi. Ndugu yangu husimama nao getini akiwaonyesha, nami humsikia akisema, "Siri ni mashine. Hii yangu ni ya nje."

Mwezi uliopita alikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa naiosha kwa chini. Alisimama kidogo akichezea funguo za lori.

"Dada, kimo unaweka namba ngapi?" akauliza.

"Nne."

"Mimi nilikuwa naweka moja."

"Najua."

Akatikisa kichwa, akasema ana safari, akaondoka. Mama, aliyekuwa dirishani, aliniambia baadaye kwamba ile ilikuwa radhi, kwamba ndugu yangu ndivyo anavyoomba radhi, na mimi mkubwa niipokee. Nikamwambia kama ilikuwa radhi, si mimi aliyepaswa kuombwa.